Matairi ya Masika

Sehemu ya Tisa

Mlimwacha Mama Jeki amepiga magoti mbele ya kichanja cha matairi, kitambaa chenye petroli mkononi, anafuta ubavu wa tairi. Wiki nzima mmenisumbua mkitaka kujua aliona nini. Haya, tulieni. Aliona chaki.

Chini ya ile dawa nyeusi inayong'arisha matairi yakapendeza kama kiatu cha bwana harusi, zilijitokeza herufi za njano. Aliziandika yeye mwenyewe kiangazi kilipoanza, kwa chaki ya mafuta isiyotoka kwa maji. MWALIMU.

Akavuta la pili, akafuta. MWALIMU.

Akakaa chini kwenye sakafu yenye vumbi la mpira.

Kwa wewe uliyeanza leo, nisikuache ukikodoa macho. Mama Jeki ni fundi wa matairi, karakana yake iko kando ya barabara kuu. Kila kiangazi kikiisha, wateja wake wa siku zote humletea magari. Anavua yale magumu ya jua kali, anavalisha ya mvua, yale yenye mifereji mipana. Yaliyovuliwa anayaweka kichanjani, jina la mwenyewe ubavuni, mpaka msimu ugeuke tena. Na huyu Mwalimu ni mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee.

Sasa sikilizeni vizuri. Matairi ya mvua ya Mwalimu saa hiyo yalitakiwa yawe kwenye gari la Mwalimu. Gari hilo lilikuwa limeondoka siku ile ile na binti, na mjukuu wa miaka minne, na magodoro juu, wanahamia mji wa chini ya mlima. Kona za kuteremka mlima ule ni saba. Na nje matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yameanza kugonga bati.

Kama matairi ya Mwalimu yako hapa, Mwalimu ameondoka na yapi?

Akainuka, akakimbilia kona ya nyuma ya mashine ya upepo. Hapo palikuwa na matairi manne ya saizi ile ile, aliyomvua mfanyabiashara mmoja kwa ugomvi. Vipara vya kuchongwa. Mnavijua? Mtu anachukua tairi lililokwisha, anapasha kisu moto, anachimba mifereji mipya ndani ya mpira uliobaki, anapaka dawa, anakuuzia kama jipya. Mifereji unaiona, mpira haupo. Mama Jeki alikuwa ameyachora mikasi miwili mikubwa ya njano ubavuni, yakisubiri kukatwakatwa.

Kona ilikuwa tupu.

"Mzee," akaita. "Yale manne ya pale kwenye kona yako wapi?"

Mumewe, wateja humwita Mzee Chaki, alikuwa kwenye benchi anakunywa chai. "Yapi?"

"Unayajua."

Mzee Chaki akakiweka kikombe chini taratibu.

"Nilipanga kichanja," akasema. "Si yule mkaguzi wa kampuni ya matairi alikuwa anakuja kututazama kama tunafaa uwakala? Nikasema karakana ionekane karakana. Nikayapaka dawa yote, nikayapandisha juu yote."

"Yote?"

"Yalipendeza, mama. Hata mkaguzi alisifu."

"Na majina yaliyokuwa ubavuni?"

"Nikayaandika upya."

"Ukitazama nini?"

Akakiinua tena kikombe.

"Nakuuliza, ukitazama nini?"

"Kichwani," akasema Mzee Chaki. "Nayajua matairi ya wateja wangu. Miaka ishirini na sita nafanya kazi hii."

Wapo walioniandikia wiki hii wakisema nimwonee huruma mzee wa watu, eti alitaka tu karakana ipendeze. Huruma ninayo, lakini simwachii. Siku kumi alikaa na jambo hilo moyoni, siku kumi za foleni ya magari, na hakumwambia mkewe neno.

Naye Mama Jeki msimpake asali. Mgeni akija, humpimia tairi mbele ya macho yake. Anachomeka kijiti cha kiberiti kwenye mfereji, na kichwa cha kijiti kisipozama chote, tairi halifungwi. Kisha anasoma tarakimu nne za ubavuni, wiki na mwaka lililotengenezwa, asije akafunga mzee akidhani kijana. Lakini asubuhi ile, kwa gari la mwanawe, hakuchomeka kijiti wala hakusoma tarakimu. Wa nyumbani hapimiwi. Jina liliandikwa kwa mkono wa mumewe, angelishukuje? Akafunga nati, akampiga mjukuu busu, akawaambia nendeni salama.

Akapiga simu ya Mwalimu. Imezimwa.

Akakumbuka, akajishika kichwa. Siku ya posa, mbele ya wazee wa pande zote mbili, alimwapisha kijana wa watu kwamba akishika usukani simu anazima. Na Mwalimu ni mtu wa kutii.

Akapiga ya binti. Ikaita, ikapokelewa.

"Haloo, mwanangu, mko wapi?"

"Mimi si mwanao," ikajibu sauti nzito. "Ni mama yake Mwalimu. Binti yako kasahau simu hapa kwangu kwenye chaji. Hujambo?"

"Sijambo, mkwe. Wamepita hapo?"

"Watapitaje wasiniage? Au ulitaka waondoke bila kuniaga?"

"Hapana, mkwe wangu. Wameondoka saa ngapi?"

"Kwanza wewe nilikuwa na neno na wewe. Yale magodoro mliyowafungia—"

"Mkwe, nakuomba. Saa ngapi?"

Huyo mama ni mgomvi lakini si mjinga. Sauti ikashuka. "Robo saa iliyopita. Kuna nini?"

Robo saa. Kutoka nyumba ya yule mama mpaka kizuizi cha polisi cha juu ya mlima ni mwendo wa dakika ishirini na tano, na Mwalimu huendesha kama amebeba mayai. Walikuwa bado hawajaanza kuteremka.  Mama Jeki alikata simu, akarusha jeki na spana nyuma ya pikapu, akarusha na yale matairi mawili, akaingia. Mzee Chaki akaruka upande wa pili kabla mlango haujafungwa.

"Nani kakuita?"

"Mjukuu ni wangu pia," akasema mzee.

Pikapu ikatoka.  Mvua ikawa mvua kweli, waipa moja inafanya kazi, nyingine inatetemeka tu.

Kwenye mzunguko pikapu ikateleza, ikakaa ubavu kidogo, Mama Jeki akairudisha. Mzee Chaki akashika dashibodi.

"Haya ya kwetu ni ya kiangazi," akasema.

"Najua."

"Tena yamekwisha."

"Najua, Mzee. Nimehudumia watu siku kumi, nikasema letu litakuwa la mwisho."

"Basi tupunguze upepo, yalale, yashike."

Mama Jeki akacheka, cheko kavu lisilo na furaha. "Upepo unapunguzwa kwenye mchanga. Kwenye lami yenye maji ukipunguza, katikati ya tairi panabonyea, maji yanakaa hapo hapo, gari linaelea. Miaka ishirini na sita, na hili hulijui?"

"Nilitaka kusaidia tu."

"Ndiyo hivyo hivyo ulivyosaidia kichanja."

Mzee wa watu akageukia dirishani. Mama Jeki aliyaona machozi yake kwa pembe ya jicho, na yakamkera zaidi, maana yeye mwenyewe alikuwa akijizuia kulia apate kuona njia.

"Kama likipasuka," mzee akaanza.

"Usiseme."

"Hayapasuki mapya mapya namna hiyo. Kilometa za kwanza huwa—"

"Yamechongwa mpaka kwenye waya, Mzee. Yana miaka tisa. Mpira wake ni mgumu kama kwato. Nyamaza uniache niendeshe."

Kizuizini wakakuta foleni fupi. Askari wa hapo mji mzima humwita Filimbi, kwa kuwa hata salamu huitikia kwa filimbi. Siku za mvua hashughuliki na leseni. Anazunguka gari na kijitochi, anatazama matairi.

Mama Jeki akapitiliza foleni, akashusha kioo. "Mdogo wangu, lile gari la mkwe wangu limefika? Jeupe, magodoro juu."

"Limepita. Dakika nane, tisa hivi."

"Umeliachiaje?"

Filimbi akashangaa. "Kwa nini nisiliachie? Nimelikagua mwenyewe, yote manne. Meusi yanang'aa, mifereji unaingiza kidole. Nikamwambia Mwalimu, angalau mji huu kuna mtu mmoja anayejua masika yameanza."

Mama Jeki akafunga macho kidogo. Alipoyafungua akaingiza gia.

Filimbi akasimama mbele ya pikapu.

"Toka, mdogo wangu."

"Mama Jeki, hilo gari lako lina vipara."

"Nimesema toka."

"Mwaka jana ulinifukuza pale kwako mbele za watu kwa sababu ya tairi la pikipiki yangu. Ukaniambia nisirudi mpaka nimenunua. Nikanunua. Leo unataka nikuachie uteremke kona saba na hivyo vipara? Nitakuja kukuokota wapi?"

Alikuwa anasema kweli, na kweli hiyo ilimchoma. Honi za nyuma zikaanza kulia.

Ndipo Mzee Chaki akafungua mlango, akashuka kwenye mvua, akasimama mbele ya askari, mbele ya madereva wote wa foleni.

"Matairi uliyoyaona ni vipara vya kuchongwa," akasema. "Niliyapaka dawa mimi. Nikaandika jina mimi. Ndani ya gari yumo mtoto wangu na mjukuu wangu. Piga simu chini wawasimamishe."

Filimbi hakuuliza la pili. Akakimbilia kibandani kwenye redio ya upepo. Mama Jeki akamfuata, akasimama mlangoni maji yakimchuruzika.

"Chini, chini, hapa juu. Gari jeupe, magodoro juu, likifika lisimamisheni."

Redio ikakoroma. Kisha sauti ikaja, mbali na ya haraka. "Juu, hapa chini. Magari yanayopanda yanasema kuna gari limeacha njia kona ya tatu. Jeupe. Tumeshaita gari la wagonjwa, limetoka hapa kuja kupanda."

Mama Jeki hakupiga kelele. Aligeuka tu, akatoka kibandani, akaanza kuteremka barabara kwa miguu, viatu vya mpira vikipiga lami. Filimbi akaita asubiri lori. Hakusubiri. Mzee Chaki akamfuata nyuma, mara hatua kumi nyuma, mara ishirini, anahema kama mashine yake ya upepo.

Kona ya kwanza hakuna kitu. Kona ya pili, magari mawili yamesimama, madereva wanatazama tu. Njia nzima alikuwa akimwomba Mungu, na maneno yalikuwa yale yale: nichukue mimi, nilifunga mimi.

Kona ya tatu akaliona.

Gari lilikuwa kwenye mtaro wa upande wa mlima, siyo wa korongo. Pua imepanda kwenye udongo, mkia uko barabarani, magodoro yamelala matopeni. Kando yake amesimama Mwalimu, shati limegandana na mwili, miguuni viatu vyake vya ngozi vya kuripotia kazini.

"Shikamoo, mama," akasema, akainama kidogo kama kawaida yake. Hata hapo hakusahau.

"Wako wapi?"

"Wazima, mama, usiogope. Mtoto kagonga paji la uso kwenye kiti, damu imetoka, ila anaongea. Gari la wagonjwa limewachukua wote wawili, limegeuza hapo juu kidogo. Wameteremka sasa hivi. Mimi nimebaki na mizigo."

Mama Jeki akaketi kwenye ukingo wa mtaro, akalia kwa sauti, bila aibu, kama mtoto. Mzee Chaki akafika, akasikia, akajishika kiunoni akimshukuru Mungu. Kwa muda mfupi wote watatu walikuwa watu wenye furaha, na mimi ningependa niwaachie hapo.

Mwalimu akachuchumaa karibu na mkwewe. "Na nikwambie kitu, mama. Mkia ulipoanza kuondoka nilijua tumekwisha. Ukaenda upande wa korongo kabisa. Lakini mbele likashika, nikalivuta nikalipigiza mlimani. Ningekuwa na yale ya kiangazi, saa hizi mngetutafuta kule chini. Umetuokoa. Nimemwambia hivyo mwanao, na yeye kasema nikushukuru kwanza kabla ya yote."

Mama Jeki akaacha kulia.

"Umesema mbele lilishika?"

"Lilishika vizuri sana."

Akainuka. Akaenda kwenye gurudumu la mbele, akapiga magoti kwenye tope, akafuta ubavu kwa kiganja, akasoma tarakimu kwa kidole. Tairi la mwaka jana. Akaenda la pili la mbele. La mwaka jana. Mpira laini, mifereji yenye kina chake. Haya yalikuwa matairi ya Mwalimu mwenyewe, ndugu wa yale mawili aliyokuwa ameyapakia kwenye pikapu.

Akazunguka nyuma. La kushoto lilikuwa limebabuka, kipande kizima cha mpira kimening'inia, waya zinaonekana kama mifupa ya samaki. La kulia bado lilikuwa zima, jeusi, linapendeza. Akalikwangua kwa ukucha, na dawa ilipotoka ukabaki mstari wa njano wa mkasi.



"Mama, kuna nini?" akauliza Mwalimu.

Hakumjibu yeye. Alimgeukia mumewe. "Mzee. Yale yalikuwa manne."

Mzee Chaki akalitazama gari, akahesabu kwa macho, na uso wake ukabadilika.

"Mawili ni haya," akasema Mama Jeki. "Mawili mengine umempa nani?"

"Alhamisi," mzee akasema.  "Alhamisi ulipokwenda kupima presha. Alikuja dereva mmoja ana haraka, anataka mawili ya nyuma. Kichanjani yalikuwepo mawili hayana jina. Nikasema haya ni ya kwetu ya kuuza, tena ndiyo mazuri kuliko yote. Nikamfungia."

"Dereva gani?"

Mzee Chaki akatazama chini mlimani, kule barabara inakopotelea kwenye mvua.

"Mzee, dereva wa gari gani?"

"La wagonjwa," akasema.

Mwalimu aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Ni mtu mwerevu, lakini kuna mambo mtu mwerevu hukataa kuyaelewa mara moja. Mama Jeki akaona hana haki ya kumwacha abahatishe. Akasimama mbele yake, matope mpaka kwenye magoti.

"Mwanangu, sikukuokoa," akasema. "Mawili ya nyuma ni mabovu, na niliyafunga mimi kwa mikono hii, sikuyapima. Lile gari lililowachukua mkeo na mtoto lina mengine kama hayo nyuma."

"Filimbi ana redio," akadakia Mzee Chaki. "Napanda sasa hivi, apige chini walisimamishe."

"Kizuizi cha chini kiko baada ya kona ya saba," akasema Mama Jeki.

Zilikuwa zimebaki kona nne.

 Mwalimu aliinama, akavua viatu vile vya ngozi, akaviacha hapo hapo katikati ya lami, akaanza kukimbia kuteremka mlima kwa miguu mitupu.